Kilima cha kifusi cha mgodi wa zamani: kiachwe, kivikwe, kikwewe au kichimbwe upya?

Mgodi ukishafungwa, mnara wa winchi hukatwa vipande ukauzwa kama chuma chakavu, na reli hung'olewa. Kilima cha kifusi hubaki palepale, kwa kuwa kukihamisha kunagharimu kuliko kitu kingine chochote kilichokuwa mgodini. Miaka arobaini baadaye kuna watu waliozaliwa na kuzeeka chini yake. Dereva akikiona kwa mbali anajua amekaribia kwao. Siku halmashauri inapouliza kifanywe nini, swali lenyewe limeshapita mambo ya taka.

Majina ni mengi. Kaskazini mwa Ufaransa na Lubumbashi hukiita terril, Waskoti huita bing, Wajerumani Halde. Kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita na Nyamongo, mwamba unaotupwa nje kwa kukosa dhahabu ya kutosha huitwa magwangala. Hapa tutasema kilima cha kifusi kwa vyote, isipokuwa pale tofauti inapokuwa na maana.

Njia ni nne: kukiacha na umbo lake na kukilinda, kukilaza mteremko na kukivika udongo na majani, kukifungulia watu wakikwee, pamoja na sanaa au michezo, na kukichimba upya mpaka kiishe. Tatu za kwanza zinaweza kukaa pamoja juu ya kilima kimoja. Ya nne inazifuta zote.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Anza na njia ya kwanza, na uiache pale tu maji, moto au vumbi vinapokulazimisha. Watu hukitambua kilima kwa umbo lake, na buldoza likishapita, umbo hilo halirudi.

## Ujue kwanza kilichomo ndani

Vilima viwili vinaweza kufanana kwa mbali vikatofautiana kabisa ndani, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua mambo.

Kilima cha mgodi wa makaa ya mawe ni mwamba wa mfinyanzi uliovunjikavunjika, pamoja na vipande vya makaa vilivyoponyoka. Vilima vya kabla ya mitambo mizuri ya kuoshea vina makaa mengi zaidi, na hivyo ndivyo vinavyopenda kuwaka. Vilima vya njano vya Johannesburg ni mwamba uliosagwa ukawa mchanga na unga, ukatolewa dhahabu, ukatupwa ukiwa bado na urani na pairiti, madini ya chuma na salfa yanayozaa tindikali. Shida yake ni vumbi na tindikali. Kilima cheusi cha Lubumbashi ni slagi, masalia ya tanuri la kuyeyushia shaba: hakiwaki, lakini kimebeba metali, kobalti ikiwemo. Monte Kaolino kule Hirschau, Ujerumani, ni mchanga mweupe wa kwatzi uliobaki baada ya kuosha kaolini (mfinyanzi mweupe), kiasi cha tani milioni 35. Hauwaki wala hautoi tindikali. Monte Kali ya Heringen, nchini humohumo, ni chumvi tupu: kila mvua inayonyesha inaondoka na sehemu yake kuelekea kwenye maji ya bonde, na hakuna jani linaloota.

Usikipime kwa sura ya juu. Mvua ya miaka mingi imeshaosha uso, kwa hiyo juu unaweza kupata pH 6 (namba ikishuka, tindikali imezidi), na mita moja chini ukakuta 3. Chimba mashimo ya majaribio ya mita 2 hadi 3 kwa ekskaveta, kileleni, katikati ya mteremko na kwenye kitako, kila upande wa kilima. Chukua sampuli kila nusu mita. Pima salfa, pH, chumvi na metali. Kama kifusi ni cha makaa, penyeza kipimajoto cha fimbo ndani ya kifusi kwenye kina cha mita 1 na cha mita 2 kabla ya kuchimba, si baada, maana shimo lenyewe huingiza hewa.

Hesabu moja ya salfa inafaa ikaririwe. Kila asilimia 1 ya salfa iliyo kwenye pairiti hudai kilo 31.25 za chokaa safi ya mawe kwa kila tani ya kifusi, ili tindikali yake yote izimwe. Chukua hekta moja, tabaka la juu la sentimita 30, uzito wa tani 1.6 kwa mita ya ujazo: hizo ni tani 4,800. Kama salfa ni asilimia 2, unahitaji tani 300 za chokaa kwa hekta hiyo moja. Ndiyo sababu mradi unaomwaga tani tano au kumi kwa hekta huonekana umefaulu mwaka wa kwanza, majani yakaota, kisha mwaka wa tatu yakakauka mabaka kwa mabaka.

## Kukiacha na umbo lake

Kilima kilichomwagwa kutoka juu kwa kiberenge au kwa mkanda wa kusafirishia hujipanga chenyewe kwenye mwinuko wa nyuzi 35 hadi 37 hivi. Huo ndio mwinuko unaokipa kilima umbo la pia, kitako cha duara na ncha juu, na ndio unaofanya mvulana akishuka mbio mawe yamfuate.

Loos-en-Gohelle, kaskazini mwa Ufaransa, zimesimama pia mbili nyeusi za shimo la mgodi namba 11/19, miongoni mwa ndefu kuliko zote Ulaya. Vilele vyake viko karibu mita 186 juu ya usawa wa bahari, katika nchi iliyo tambarare pande zote. Eneo la machimbo ya Nord-Pas de Calais liliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2012, na vilima vya kifusi vilihesabiwa ndani yake sawa na makanisa, shule na nyumba za wachimbaji. Uskoti kuna Five Sisters karibu na West Calder, mabaki ya mwamba uliochomwa kutoa mafuta: mikono mitano inatawanyika kutoka sehemu moja kama vidole vya kiganja. Msanii John Latham, akiwa ameshikizwa kwenye ofisi ya serikali ya Uskoti mwaka 1975 na 1976, alitoa hoja kwamba vilima hivyo vihesabiwe kazi ya sanaa badala ya kuondolewa. Leo Five Sisters inalindwa kisheria kama kumbukumbu ya kale.

Faida ya pili ya kuacha ni viumbe. Kwenye vilima vya aina hiyo vya West Lothian, Uskoti, zimeorodheshwa zaidi ya aina 350 za mimea, nyingi zikiwa ni zile zinazoshindwa kuishi kwenye mashamba ya jirani kwa sababu udongo wa huko una rutuba kupita kiasi. Kifusi cheusi kikipigwa na jua huvuka nyuzi 50 usoni, kwa hiyo upande wa jua huota mimea ya nchi za joto na upande wa kivuli huota mingine kabisa. Ukimwaga udongo wa bustani juu yake, nyasi mbili tatu zenye nguvu huvifuta vyote hivyo kwa misimu miwili.

Hata hivyo, kuacha si kutelekeza. Tarehe 21 Oktoba 1966, lundo namba 7 la Aberfan, Wales, liliporomoka likafunika shule na nyumba. Walikufa watu 144, watoto 116 kati yao. Lundo hilo lilikuwa limeanza kumwagwa mwaka 1958 juu ya chemchemi. Maji yalijaa kifusi kutoka chini, kifusi kikapoteza nguvu ya kushikamana, kikashuka kama uji mzito. Sheria ya kukagua malundo ilifuata mwaka 1969. Lakini Februari 2020, baada ya mvua kubwa, sehemu ya lundo la zamani la Tylorstown, pia Wales, iliteleza hadi mtoni. Kwa bahati njema haikuua mtu. Miaka zaidi ya hamsini imepita na maji bado ni yaleyale.

Kwa hiyo ulinzi una kazi zake, na kazi hizo hazina likizo:

- Tafuta ramani za kabla ya mgodi. Kama kuna mto au chemchemi iliyochorwa chini ya kilima cha leo, hapo ndipo pa kuanzia.
- Zamisha mabomba membamba yenye matundu hadi kwenye ardhi ya asili na upime kimo cha maji ndani yake kila mwezi, na tena siku inayofuata mvua kubwa.
- Simika vigingi kwenye ukingo wa kilele na kwenye kitako, vipimwe mara mbili kwa mwaka. Kigingi cha kilele kikishuka huku cha kitako kikisogea nje, kilima kinatembea.
- Zibua mfereji wa juu kabla ya masika. Mfereji ulioziba ni mbaya kuliko kutokuwa nao, kwa sababu unakusanya maji yote mahali pamoja kisha unayaachia ndani ya kifusi.

Mkaguzi aangalie nyufa zinazofuata ukingo, kitako kilichovimba, miti iliyoinama, maji ya chemchemi yaliyogeuka ya matope. Aogope zaidi chemchemi iliyokauka ghafla wakati wa mvua. Maji hayajaenda popote, yamezuiliwa ndani.

Kwa kilima cha makaa kuna moto pia. Dalili ni harufu ya salfa, mvuke alfajiri ya baridi, ukoko wa njano au mweupe kwenye matundu, na mwamba uliogeuka mwekundu kama tofali. Kipimajoto kikivuka nyuzi 60 kwenye kina cha mita 1 au 2, jua kuna jambo linaendelea. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kupiga maji. Maji yakifika kwenye kifusi kilichoiva hugeuka mvuke kwa kishindo, yanazaa gesi zinazowaka, na yanachimba mapango mapya ya kupitisha hewa. Kilima cha Calonne-Ricouart, kaskazini mwa Ufaransa, kililipuka usiku wa Agosti 1975 na kuua watu waliokuwa majumbani mwao. Kazi sahihi ni kuchimbua sehemu yenye moto, kuitandaza ipoe, kuirudisha kwa matabaka ya sentimita 30 na kushindilia kila tabaka, kisha kuziba kwa mfinyanzi. Mtu asitembee juu ya sehemu inayotoa mvuke: ukoko unaweza kuwa mwembamba na chini yake pango la makaa mekundu.

## Kukilaza na kukivika

Hii ndiyo njia wahandisi wengi huipendekeza kwanza, na kwa kifusi chenye tindikali au vumbi mara nyingi wako sahihi. Ila watu huambiwa "tutapunguza mteremko" bila kuambiwa kilima kitapotea kiasi gani.

Fanya hesabu. Pia ya kimo cha mita 60 kwenye mwinuko wa nyuzi 37 ina kitako chenye kipenyo cha mita 160 na ujazo wa karibu mita za ujazo 400,000. Majani na udongo havikai salama kwenye nyuzi 37; mteremko unaotakiwa ni wima 1 kwa ulalo 3, yaani nyuzi 18 hivi. Ukiilaza pia hiyo bila kuondoa kifusi, kimo kinashuka kutoka mita 60 hadi karibu mita 35, na kipenyo cha kitako kinatanuka hadi mita 209. Eneo la chini linaongezeka kwa zaidi ya asilimia 70. Je, hiyo ardhi ya ziada mnayo? Nyumba ziko umbali gani? Na kifusi kitakachosukumwa ni karibu mita za ujazo 95,000, robo ya kilima kizima. Kama ndani mna makaa, buldoza hapo linakoroga na kuingiza oksijeni mahali palipokuwa pametulia nusu karne.

Baada ya kulaza huja matuta ya ngazi, kila mita 10 za kimo tuta moja la upana wa mita 4 au zaidi ili mashine ipite. Tuta lilale kidogo kuelekea ndani, na mfereji wake upeleke maji kwenye mteremko wa mawe uliojengwa maalum. Tuta likilala nje, mvua ya kwanza inachagua sehemu ya chini kabisa ya ukingo, inakata korongo, na msimu ukiisha korongo limefika tuta la pili.

Udongo wa juu huwa sentimita 30 hadi mita 1 kutegemea kilicho chini. Juu ya kifusi chenye tindikali weka kwanza tabaka la kokoto, sentimita 20 au 30, ili wakati wa kiangazi tindikali isipande na unyevu kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Uso wa kifusi ukwanguliwe kwa meno ya buldoza kabla ya udongo kumwagwa. Udongo uliomwagwa juu ya uso laini uliogandamizwa na magari huteleza wote kama blanketi kitandani, na mara nyingi ni mvua ya kwanza tu.

Kuhusu mbegu, changanya nyasi na jamii ya kunde, kwa sababu kifusi hakina naitrojeni. Miti ipandwe kwa tahadhari. Juu ya kofia ya mfinyanzi, yaani tabaka la kuzibia kilima, mizizi hupasua kile ulichoziba. Mti mkubwa ukiangushwa na upepo hung'oa kipande kizima cha kofia.

Halafu kuna suala la sura. Kilima kilichovikwa vizuri hufanana na kilima kingine chochote. Kwa mgeni ni mafanikio. Kwa mtu aliyekuwa akikitambua kwa weusi wake na ncha yake, alama imeondoka. Jibu zuri tunalolijua liko Schurenbach, Essen, Ujerumani: pande za kilima zimeoteshwa miti na majani, lakini kilele kimeachwa cheusi na kitupu, na katikati yake likasimamishwa mwaka 1998 bamba la chuma la msanii Richard Serra, kimo mita 14.5, tani 67. Ukipanda unatoka kwenye kijani unaingia ghafla kwenye weusi. Kinachotakiwa kuzuiwa kimezuiwa, na hakuna anayeweza kusahau amesimama juu ya nini.

## Kukifungulia watu

Bonde la Ruhr, Ujerumani, limeijaribu njia hii kuliko mahali pengine popote. Bottrop ina Tetraeder, mnara wa chuma wa pembe tatu uliosimamishwa juu ya kilima mwaka 1995, na watu hupanda hadi kwenye majukwaa yanayoning'inia ndani yake. Bottrop hiyohiyo ina Halde Haniel, ambako msanii Agustín Ibarrola alipanga mataruma ya reli zaidi ya mia moja, yamepakwa rangi, kwenye ukingo wa kilele. Monte Kaolino watu huteleza kwenye mchanga wakiwa na mbao miguuni, na Nœux-les-Mines, Ufaransa, walijenga mteremko wa ski juu ya kilima cha makaa.

Njia ndiyo kazi kubwa ya kwanza. Kimo cha mita 60 kwa mteremko wa asilimia 8 kinahitaji mita 750 za njia, kama mizunguko mitatu kuizunguka pia yetu. Kwa kiti cha magurudumu, asilimia 6, ni kilomita 1 kamili. Ngazi za moja kwa moja zenye hatua ya sentimita 17 ni hatua 353. Usijenge ngazi peke yake. Lakini pia usijenge mzunguko peke yake, kwa sababu vijana watakata moja kwa moja, na nyayo zao zikishafanya mfereji, mvua inaumalizia. Penye njia ya mkato iliyokwisha kuzoeleka, ni afadhali kuijengea ngazi kuliko kuizuia kwa seng'enge.

Njia ya upana wa mita 2.5 kwenye mteremko wa nyuzi 37 haikatwi kwa jembe na koleo tu. Nusu inayochimbwa ndani husimama. Nusu inayojazwa nje huporomoka, isipokuwa ishikwe na vikapu vya waya vilivyojazwa mawe. Na popote unapokata kilima cha makaa umefungua mlango wa hewa. Pima joto kando ya njia mpya kwa miaka miwili angalau.

Kileleni tatizo ni msingi. Kifusi kilichomwagwa bila kushindiliwa hutitia kwa miaka mingi, na hakititii sawasawa. Jengo jepesi likae juu ya bamba pana la zege, mbali na ukingo, na viungo vyake viwe vya kurekebishika. Salfa iliyo kwenye kifusi hula zege la kawaida, kwa hiyo agiza saruji inayostahimili salfeti. Weka kinga ya radi: kitu cha chuma juu ya kilima pekee cha nchi tambarare ndicho kitakachopigwa kwanza. Na chuma kikubwa hudai matunzo makubwa. Halde Hoheward, kati ya Herten na Recklinghausen, ilipata mwaka 2008 matao mawili makubwa ya kutazamia mwendo wa jua. Muda mfupi baadaye ufa ukaonekana kwenye chuma, na eneo la chini ya matao likafungwa. Kilima chenyewe kinaendelea kupendwa, lakini kitu kilichowekwa kukipamba kimekuwa mzigo.

## Kukichimba upya

Mitambo ya jana iliacha madini mengi, na bei ya leo inaweza kuyafanya yalipe. Johannesburg vilima vya mchanga vimekuwa vikipigwa mizinga ya maji ya shinikizo, vikageuka tope, tope likasukumwa kwa mabomba hadi kiwandani, ingawa dhahabu iliyomo ni chini ya gramu 1 kwa tani. Kilima cha Top Star, kusini tu mwa katikati ya jiji, kilikuwa na sinema ya magari kileleni na taa za jiji zikionekana chini. Sinema ilifungwa, kilima kikachimbwa, kikaisha. Lubumbashi kilima cheusi kilichosimama na bomba la moshi la tanuri, picha ya jiji lenyewe, kimekuwa kikichotwa kwa ajili ya kobalti tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Uskoti hakuna aliyetafuta madini: mwamba mwekundu uliochomwa ulikuwa mzuri kwa kujazia barabara, na vilima kadhaa viliondoka kwenye malori.

Uzuri wake ni kwamba hii ndiyo njia pekee inayoweza kujilipia na kuondoa chanzo cha vumbi moja kwa moja. Kwa mji unaopumua vumbi la urani hilo si jambo dogo, na tusingemlaumu mtu anayeichagua.

Ubaya wake huwa hausemwi mkutanoni. Kifusi hakipotei, kinahamia kwenye bwawa la topesumu (tope la mabaki ya mgodi) mahali pengine, likiwa na maji zaidi kuliko kilivyokuwa. Jagersfontein, Afrika Kusini, mabaki ya zamani ya almasi yalikuwa yamechenjuliwa upya. Tarehe 11 Septemba 2022 bwawa la mabaki hayo mapya lilipasuka na tope likapita kwenye nyumba za watu. Kilima kikavu cha zamani kilikuwa kimegeuzwa kuwa maji nyuma ya ukuta. Tena, ardhi iliyokuwa chini ya kilima hubaki na tindikali na metali, na mchimbaji akifilisika kazi ikiwa nusu, mji unabaki na kilima kilichoumwa upande mmoja, kikiwa na ukuta wima. Huo ni mwinuko wa hatari kuliko wowote, hasa wachimbaji wadogo wakiingia kuokota. Kwenye Black Mountain, kilima cha slagi cha Kitwe, Zambia, ukuta kama huo uliwaangukia wachimbaji Juni 2018, walikufa 10.

## Zikisimama bega kwa bega

| Njia | Umbo | Kazi ya mwanzo | Mzigo wa kila mwaka | Kurudi nyuma |
|---|---|---|---|---|
| Kuacha na kulinda | Linabaki | Ndogo: mifereji, mabomba ya kupimia | Ukaguzi usiokoma | Wakati wowote |
| Kulaza na kuvika | Linapungua, hadi nusu ya kimo | Kubwa sana | Makorongo, kupanda upya | Haiwezekani |
| Kufungulia watu | Linabaki, lenye makovu ya njia | Ya kati | Njia, ngazi, chuma, bima | Kwa sehemu |
| Kuchimba upya | Linaisha | Ya mwekezaji | Bwawa jipya, ardhi iliyobaki | Haiwezekani |

Safu ya mwisho ndiyo tunayoipa uzito. Ukikosea kwa kuacha, kesho unaweza kulaza. Ukikosea kwa kulaza, hakuna cha kufanya.

Kilima cha makaa kilichokwisha kuungua chote, chekundu ndani na nje, maji yakiwa chini ya kitako: kiache, kifungulie watu, usihangaike na udongo. Kilima cha makaa cheusi chenye sehemu za moto: zima kwanza, funga kwa umma upande huo, na usiruhusu njia ikatwe mpaka vipimo vitulie miaka miwili. Kama kuna chemchemi chini na watu wanaishi chini ya mteremko, hoja ya umbo inakaa pembeni: toa maji, punguza kimo, hata kama mji utalia. Kwa mchanga wa dhahabu wenye pairiti karibu na nyumba, chagua kati ya kuvika na kuchimba upya, na kigezo kiwe kimoja: je, fedha ya kusafisha ardhi ya chini imewekwa benki kabla ya siku ya kwanza ya kazi? Kama haipo, vika. Kwa slagi na mchanga wa kwatzi hakuna haraka yoyote.

Jambo la karatasi lisisahaulike: mwenye kilima ni nani? Afrika Kusini, mahakama ya Free State iliamua mwaka 2007 kwamba mabaki yaliyochimbwa chini ya sheria ya zamani ni mali ya aliyeyachimba, hayamo kwenye leseni mpya za madini. Katika nchi nyingine jibu ni tofauti. Mji unaweza kupanda miti miaka kumi juu ya kitu kisicho chake.

Na mhandisi akileta mchoro, msiujadili ukiwa mezani peke yake. Pigeni picha za kilima kutoka barabara kuu tatu au nne watu wanakoingilia mjini, kwa kimo cha macho, saa za asubuhi na za jioni. Chukueni kimo kipya kilichoandikwa kwenye mchoro, mchore mstari wake juu ya kila picha, kisha mtandaze picha hizo mahali wakazi wanapokutana. Mita 60 zikishuka hadi 35, kwenye baadhi ya picha mstari utapita nyuma ya miti na mapaa, na hapo kila mtu ataona ni kutoka barabara ipi kilima hakitaonekana tena.